Makato ya Mshahara Yana Mwenyewe

Mwezi huu tumepokea barua tatu, moja kutoka Moshi na mbili kutoka Arusha, na ingawa waandishi wake hawajuani, wote wanagusa jambo moja: fedha inayokatwa kwenye mshahara, au inayopaswa kukatwa na haikatwi, ni ya nani. Viwango vyote vilivyotajwa katika majibu ni vya Tanzania Bara.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Majengo, Moshi, chenye wafanyakazi wanane. Waokaji wangu huingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, wakipumzika saa moja katikati, siku sita kwa wiki, ili mikate ifike kwenye maduka ya Pasua na Kiboriloni ikiwa bado ya moto. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba kila mmoja atapokea shilingi 350,000 mkononi, na sijawahi kuchelewesha hata mara moja. Mwisho wa mwezi humwita mmoja mmoja, namhesabia, naye anatia saini kwenye daftari. Majuzi alikuja Afisa Kazi akaomba mikataba, hati za mishahara na uthibitisho wa michango. Nilimwonyesha daftari, akasema halitoshi, akanipa muda wa kujirekebisha. Nianzie wapi, na haya yote yatanigharimu kiasi gani?

*Mwenye kiwanda cha mikate, Moshi*

JIBU: Dada yangu, kwanza lihifadhi daftari hilo vizuri. Saini za watu wako ni ushahidi kwamba walilipwa, na kulipa kwa wakati bila kukosa ni jambo ambalo waajiri wakubwa kuliko wewe hushindwa kulitimiza. Afisa Kazi hakukosea, hata hivyo. Daftari linaonyesha kiasi kilichotoka mfukoni mwako, lakini halionyeshi mshahara kamili ni kiasi gani, nini kilikatwa na kilipelekwa wapi, wala mfanyakazi aliajiriwa kwa masharti gani.

Neno lililokuingiza katika matatizo ni hilo la «mkononi». Huku kwetu ndilo tunalolitumia wakati wa kuajiri, kwa sababu mfanyakazi anataka kujua atakachokwenda nacho nyumbani. Sheria, kwa upande wake, huhesabu kuanzia mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya kukatwa chochote. Mwajiri anayeahidi kiasi cha mkononi amejitwisha, pengine bila kujua, mzigo wa kodi na michango yote iliyo juu ya kiasi hicho. Hebu tuupime mzigo huo.

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unadai asilimia 20 ya mshahara ghafi, ambapo mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10 na mwajiri hulipa sehemu iliyobaki. Baada ya kuondoa sehemu ya mfanyakazi ndipo unapohesabu kodi ya mapato ya ajira, PAYE, ambayo haitozwi kwa shilingi 270,000 za kwanza, kisha ni asilimia 8 ya kiasi kinachozidi hapo hadi kufikia 520,000. Zingatia mpangilio huo, kwa kuwa wengi huukosea: mchango wa NSSF hutolewa kwanza, kodi hufuata. Anayehesabu kodi juu ya mshahara ghafi wa 400,000 humkata mfanyakazi 10,400, ilhali hesabu sahihi inafanywa juu ya 360,000 na kodi yake ni 7,200. Tofauti ya 3,200 inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni 38,400 za mtu anayekesha mbele ya tanuri. Vivyo hivyo mfanyakazi mwenye mshahara ghafi wa 300,000 hapaswi kukatwa kodi hata senti moja, maana akishatoa 30,000 za NSSF anabaki na 270,000 kamili.

Kwa hiyo, ili muokaji wako aendelee kupokea 350,000 mkononi, mshahara wake ghafi unapaswa kuwa kama 396,618. Kati ya hizo, 39,662 zinakwenda NSSF kwa jina lake na 6,957 zinakwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Wewe unaongeza 39,662 nyingine za NSSF kutoka mfukoni mwako, pamoja na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambayo ni 1,983. Mfanyakazi mmoja anakugharimu takriban 438,263, na wote wanane zaidi kidogo ya 3,506,000, badala ya 2,800,000 unazotoa sasa. Pengo la 706,000 kwa mwezi ni kubwa kwa kiwanda cha kiasi chako, nami sitaki kulipunguza kwa maneno matamu.

Usijaribu kuliziba kwa kutangaza ghafla kwamba ile 350,000 sasa ndiyo mshahara ghafi. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayebadili masharti ashauriane na mfanyakazi, aandike mabadiliko hayo na kumjulisha kwa maandishi. Waite watu wako, waonyeshe hesabu hizi zote, sehemu yako na sehemu yao, kisha mzungumze. Inawezekana mkakubaliana mshahara ghafi ulio chini kidogo ya 396,618, kwa kuwa wataona kwamba karibu 80,000 kila mwezi zinawekwa kwa majina yao. Inawezekana pia wakakataa, na hiyo ni haki yao. Jambo moja tu halijadiliwi: kiwango mlichokubaliana hakiwezi kuwa chini ya kima cha chini cha sekta yako katika Tangazo la Mshahara, na kwa kuwa tangazo jipya limeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, usitegemee orodha ya zamani iliyobandikwa ukutani.

Umeuliza uanzie wapi. Watu wengi wangekuambia uanze na TRA. Mimi nakushauri uanze na WCF, asubuhi ya kesho ikiwezekana. Kwa wafanyakazi wako wote wanane mchango wake haufiki 16,000 kwa mwezi, na hilo ndilo jukumu jepesi kuliko yote uliyonayo, lakini una tanuri na mashine ya kukandia unga, na watu wanaofanya kazi usiku wakiwa na usingizi machoni. Ajali ikitokea kabla hujajisajili, unabaki na mgonjwa, familia yake na sheria, vyote mlangoni kwako kwa siku moja. Mchango huu ni wa mwajiri peke yake, usithubutu kumkata mfanyakazi. Kisha wasajili NSSF, halafu TRA kwa ajili ya PAYE.

Tarehe zake si zilezile. PAYE hulipwa kabla siku saba hazijapita baada ya mwezi kwisha, yaani ifikapo tarehe 7, wakati NSSF na WCF hulipwa ndani ya mwezi unaofuata. Ukilipa vyote kwa pamoja ifikapo tarehe 7 hutasumbuka kukumbuka tarehe mbili. Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, SDL, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha kutoka asilimia 4 hadi 3.5, haikuhusu kwa sasa kwa sababu humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Ila siku utakapofikiria kumwajiri wa kumi, ihesabu kabla ya kumwita kazini, kwa kuwa hutozwa juu ya mishahara ya wote, si ya huyo wa kumi tu, na haikatwi kwa mfanyakazi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na pengine Afisa Kazi hakulitaja. Saa za kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, na sheria inataka kila saa ya namna hiyo iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Ili kupata mshahara wa saa, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Waokaji wako hufanya saa saba kwa usiku, siku sita, yaani saa 42. Kwa mshahara wa 396,618 unapata kama 2,179 kwa saa, na nyongeza yake ni 109. Kwa kuwa saa zao zote zinaangukia usiku, nyongeza ya mwezi ni asilimia 5 ya mshahara wote, yaani 19,831 kwa kila muokaji. Nyongeza hiyo inaingia kwenye mshahara ghafi, hivyo nayo inahesabiwa katika NSSF na kodi. Mtu akifanya saa za ziada, malipo yake ni mara moja na nusu, kama 3,269 kwa saa kabla ya nyongeza ya usiku, na saa hizo zisizidi 50 katika kila wiki nne. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu ya taifa, anastahili mara mbili. Najua kwamba Pasaka na Krismasi, watu wanapopanda kwenda Machame, Marangu na Rombo, ndipo mikate inapohitajika kuliko siku zote. Basi bei yako ya siku hizo ihesabu gharama hiyo mapema.

Kuhusu karatasi, mpe kila mmoja mkataba ulioandikwa, wenye jina, kazi, mahali, saa, mshahara na njia ya kuuhesabu. Kila mwezi mpe hati ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita salari slipu, inayoonyesha mshahara ghafi, kila kato na sababu yake, na kiasi alichopokea. Haihitaji programu ya gharama kubwa, karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwa nakala mbili inatosha kwa watu wanane. Sisitizo langu juu ya mkataba lina sababu. Ukipelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ukashindwa kuonyesha mkataba au masharti ya kazi kwa maandishi, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba sharti analodai mfanyakazi halikuwapo. Mfanyakazi akisema mliahidiana 450,000, daftari lako lenye saini litakusaidia kidogo, mkataba ungekusaidia zaidi. Na hata mtu akiondoka, kumbukumbu zake zitunze kwa miaka mitano.

Miezi iliyopita ambayo hukuchangia haifutiki kwa kuanza upya leo. Nenda mwenyewe kwenye ofisi za NSSF na TRA ukiwa na daftari lako, ueleze ulianza lini na una watu wangapi, uombe utaratibu wa kulipa malimbikizo. Lakini usije ukawakata wafanyakazi malimbikizo hayo kwenye mishahara ya miezi ijayo bila ridhaa yao ya maandishi. Kosa la kutokata wakati ule lilikuwa lako, na sheria inalinda mshahara wa leo dhidi ya deni ambalo mfanyakazi hakulijua, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

SWALI: Ndugu Mshauri, nafanya kazi kaunta katika mgahawa mmoja hapa Arusha, mshahara wangu ni 420,000. Mwezi uliopita hesabu ya vinywaji ilionyesha upungufu wa shilingi 630,000. Bosi hakutuuliza lolote, alizigawa kwa sisi watatu wa kaunta, na mwisho wa mwezi kila mmoja akakuta amekatwa 210,000. Mimi nilikuwa likizo kwa siku kumi na mbili za mwezi huo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa mgahawa tangu zamani. Je, ni halali?

*Mfanyakazi wa kaunta, Arusha*

JIBU: Si halali, mdogo wangu, na nakuomba usiuzoee utaratibu huo kwa sababu tu umedumu.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinaanza kwa kumkataza mwajiri kukata chochote kwenye mshahara, kisha kinataja milango michache ya kupitia. Mlango wa kwanza ni makato yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, tangazo la mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi. Mlango wa pili ni deni ambalo wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi. Hata hasara iliyotokea kazini haikatwi kiholela. Ni lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe. Ni lazima upewe maelezo ya maandishi yanayotaja chanzo chake, kiasi chake na namna kilivyohesabiwa, na upewe nafasi ya kutosha ya kuyapinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya malipo yako ya fedha.

Pima yaliyokupata kwa kipimo hicho. Hukupewa karatasi wala hukusikilizwa. Kugawa hasara kwa watu watatu sawasawa ni kukiri kwamba aliyekosea hajulikani, na sheria inamtaka anayejulikana. Siku kumi na mbili hukuwapo hata kidogo. Hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa, robo ya 420,000 ni 105,000, nawe umekatwa mara mbili ya kiasi hicho.

Namwelewa mwenye mgahawa kwa upande mmoja. Chupa zikipotea kila wiki biashara inakufa, na anayo haki ya kumdai aliyezipoteza. Lakini haki hiyo inapitia kwenye makabidhiano ya zamu yenye saini, kwa hesabu ya chupa inayofanywa mbele ya anayeondoka na anayeingia. Mgahawa usio na makabidhiano ya zamu hauwezi kujua nani amepoteza nini, na gharama ya kutojua haiwezi kupelekwa kwenye mishahara ya wote.

Hatua yako ya kwanza iwe barua fupi kwa mwajiri, yenye tarehe, ukiomba maelezo ya maandishi ya kato hilo na kurejeshewa fedha. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Asipojibu au akikataa, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapo Arusha, ujaze fomu ya kuwasilisha mgogoro na kumpelekea mwajiri nakala. Huduma hiyo hailipiwi, na si lazima uwe na wakili. Usisahau muda: migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na ile ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Mtu anayesubiri bosi apoe mara nyingi hufika Tume siku ya sabini na kulazimika kwanza kuomba asamehewe kuchelewa.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii, Njiro, Arusha. Msimu wa mvua umekuwa mgumu, wageni hawapo. Mkurugenzi ameniagiza niendelee kuwakata madereva na wapishi wa kambi NSSF na PAYE kwenye hati zao, lakini fedha zitumike kwa matengenezo ya magari, zitapelekwa wageni wakirudi Julai. Nifanye nini?

*Mhasibu, Arusha*

JIBU: Ndugu yangu, barua yako imenirudisha kwenye meza niliyowahi kukaa miaka mingi iliyopita, nikiwa mhasibu kijana. Dereva mmoja aliyekaribia kustaafu alikuja na bahasha ya hati za mishahara aliyoitunza miaka yote, kila moja ikionyesha kato la mfuko wa hifadhi. Taarifa ya mfuko ilikuwa na miezi mingi iliyo tupu. Miezi ile mitupu yote ilikuwa ya Aprili na Mei. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Kila mwaka mtu alisema zitapelekwa wageni wakirudi, na wageni waliporudi palikuwa na jambo jingine la haraka zaidi.

Tofautisha mambo mawili utakapozungumza na mkurugenzi. Sehemu ya mwajiri ya asilimia 10 ni deni la kampuni, na kuichelewesha ni kosa lenye adhabu ya fedha. Sehemu ya mfanyakazi na PAYE ni kitu kingine: ni fedha ambazo zimekwisha kutoka kwenye mshahara wa mtu, kampuni imezishika tu kwa niaba yake ili izifikishe. Kuandika kwenye hati kwamba zimekatwa, kisha kuzinunulia matairi, ni kutumia mali ya dereva bila ruhusa yake. Pensheni ya NSSF inahitaji miezi 180 ya michango, na dereva wa msimu, ambaye tayari ana miezi asiyoajiriwa, hana miezi ya kupoteza. Siku hizi isitoshe anaweza kuangalia michango yake kwa simu akiwa Serengeti, na atajua kabla ya Julai.

Mwandikie mkurugenzi kwa maandishi, kwa heshima, ukitaja kiasi, tarehe ya mwisho ya kila malipo na athari zake, na ubaki na nakala. Mpe pia njia: kama fedha hazitoshi kweli, anza kwa kulipa PAYE na sehemu ya wafanyakazi, kisha kampuni iwaandikie NSSF kabla ya muda kupita kuhusu sehemu yake. Matengenezo ya magari yatafutiwe mkopo au yapangwe upya, kuanzia na yale magari yatakayohitajika kwanza. Kuanzia Julai, fungueni akaunti ya pili ambayo kila mwisho wa mwezi, siku ileile mishahara inapolipwa, makato yote yanahamishiwa humo na hayatoki isipokuwa kwa kumbukumbu namba za malipo za TRA, NSSF na WCF. Akikuagiza tena kuandika kwenye hati kato ambalo huna nia ya kulipeleka, kataa kuiandaa hati hiyo, kwa sababu jina lako ndilo lililo chini yake.